Usikamue Machicha: Somo Nililolilipia kwa Chupa 60 za Choya

Leo siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu aliyeharibu kazi ya wenzake kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna kikundi cha akina mama hapa Dodoma ninachokihudumia. Wanalima choya, wanaikausha na kuuza juisi yake. Walipata oda ya chupa 60 za nusu lita kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, kila chupa Sh 1,000. Kwao ilikuwa oda kubwa. Nikaenda kusaidia kupika, maana mimi ndiye niliyewafundisha.

Tulichemsha kilo 2 za choya kavu kwenye lita 40 za maji. Tulipochuja tukashtuka: kwenye ndoo kulikuwa na lita 26 tu. Choya kavu hunywa maji sana, na mengine yalikuwa yameondoka na mvuke. Tulihitaji lita 30. Mama mwenyekiti akashauri tuchemshe maji kidogo tusuuzie machicha. Mimi nikasema hapana, mali yote imo humuhumu. Nikayafunga machicha kwenye kitambaa, nikakamua kwa nguvu zangu zote mpaka lita 4 zikapatikana. Akina mama wakanipigia makofi.

Tukatia sukari, tukakoroga, tukajaza kwenye chupa za plastiki tulizokuwa tumeziosha. Hakuna aliyeirudisha juisi ile motoni.

Siku ya tatu, asubuhi ya sherehe, simu ikaita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Bwana shamba, njoo uone. Chupa zako zimevimba.”

Nilipofika nilikuta juisi ina ukungu, chini kumetulia mashapo, na ukifungua kifuniko povu linaruka na harufu ya pombe. Tulikuwa tumewapikia watoto wa kipaimara kitu kinachoelekea kuwa pombe. Tukamwaga zote. Mwenye sherehe akanunua soda, na kusema kweli hakutukana, jambo lililoniuma zaidi.

Nilipotulia niliona makosa mawili. La kwanza, kukamua kunasukuma nyama laini na utelezi wa choya kupita kwenye kitambaa, ndiyo maana juisi haikutakata. La pili ndilo kubwa: baada ya kuchemsha, kila kinachogusa juisi kinaweza kuiingizia vimelea. Mikono yangu na kile kitambaa viliiingizia, sukari ikawa chakula chao, na gesi ikajaa ndani ya chupa.

Nilimsimulia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, sasa yuko kwenye kiwanda cha bia. Akacheka, kisha akanieleza kwamba wapika bia wana shida ileile. Wao huchemsha maji ya kimea pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, mara nyingi kwa saa nzima. Mwisho wa kuchemsha sufuria imejaa vipande vya maua. Hawakamui. Hukoroga kwa kuzungusha upande mmoja mpaka maji yafanye kimbunga, kisha huacha yatulie dakika 15 hadi 20. Mashapo hujikusanya katikati kama kichuguu kidogo, nao huvuta maji safi kutoka pembeni. Na hopsi zikiwa maua mazima, huziacha zilale juu ya wavu, zenyewe zikawa chujio.

Mimi si mnywaji, lakini somo hilo nililichukua. Sasa tunafanya hivi:

1. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Choya ina ukali unaokula alumini.

2. Toa choya kwa chujio pana, uiache ichuruzike yenyewe. Usiikamue.

3. Kama juisi imepungua, mwagia machicha lita 4 au 5 za maji yaliyochemka, uache yachuruzike tena. Mama mwenyekiti alikuwa sahihi tangu mwanzo.

4. Mimina juisi kwenye ndoo safi ya koki. Koroga kwa kuzungusha upande mmoja, funika, acha nusu saa. Koki huwa vidole kadhaa juu ya kitako cha ndoo, kwa hiyo mashapo hubaki chini. Ukiona yameanza kutoka, funga. Kile kidogo cha mwisho kiache.

5. Pitisha juisi kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, bila kukigusa kwa mkono.

6. Rudisha motoni pamoja na sukari mpaka ichemke vizuri. Hatua hii usiiruke hata ukiwa umechelewa.

7. Jaza ikiwa bado ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa nazo zikiwa za moto, ukafunge papo hapo. Chupa baridi itapasuka, na ya plastiki itajikunja. Kama una za plastiki tu, ipoze haraka ikiwa imefunikwa, weka kwenye friji na uuze mapema.

Ile hasara, sukari na choya nililipa mimi, kidogo kidogo kwa miezi miwili. Hawakunidai. Lakini nilijua mama mmoja alikuwa ameshaipangia sehemu yake ya fedha kununua madaftari ya mwanawe.

Oda iliyofuata ilikuwa ndogo, chupa 20. Tulipofika kwenye kuchuja, mama mwenyekiti akanipa kiti, akanisogeza mbali na sufuria. “Kaa hapo, bwana shamba. Wewe hesabu chupa.” Nikakaa. Juisi ilitoka nyekundu, imetakata, na hakuna chupa iliyovimba.

Nawe ukiona juisi yako ina ukungu, njoo ofisini na chupa moja tuitazame pamoja. Sitaikamua.