Anwani Zisizo na Mjomba

Zamani Chumbageni, mjini Tanga, anwani haikuwa mali ya mtu mmoja. Posta haikuleta barua mlangoni. Zilikaa sandukuni, na sanduku moja lilitosha ukoo mzima, au shule nzima. Ukimwandikia kijana, uliweka jina lake, kisha “kupitia kwa” mjomba wake, S.L.P. na namba, Tanga, basi. Kijana akihamia Dar es Salaam au akivuka kwenda Maskati, barua ilimfikia mjomba, naye alijua pa kuipeleka.

Ikaja barua pepe. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Tuliotumia programu ya barua pepe ya Outlook Express, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001, tuliandika kwanza, tukaunga laini ya simu, tukatuma na kupokea, tukakata upesi. Kitabu cha anwani cha programu kikajaa anwani za kaributanga.com, raha.com, africaonline.co.tz. Microsoft ilipoacha kuihudumia XP Aprili 2014, nilihamia programu ya Thunderbird na kukibeba kitabu kile kama kilivyo.

Humo kitabu cha zamani hukaa kando ya kipya. Ukiandika herufi za mwanzo za jina, programu inakuletea anwani ya kazini ya mtu aliyekwishastaafu. Barua inarudi, au hairudi na hakuna wa kuisoma. Nyuma ya anwani hizi hakuna mjomba.

Orodha kama hiyo haina budi kufutwa, na kuifuta kunaniuma. Simu za Tanga zilipoacha 053 zikawa 027, kwenye daftari tulipiga mstari na kuandika namba mpya pembeni. Ya zamani ikabaki inasomeka. Programu ikifuta haiachi hata mstari. Kwa hiyo nilitoa orodha yote kwenye faili la CSV, nikaichapa kwenye karatasi, ndipo nikafuta.

Sasa naipitia karatasi jina kwa jina. Namtafuta ndugu wa mtu, jirani yake, aliyesoma naye, nauliza yuko wapi. Aliyefariki namwandikia mwaka. Aliye hai naomba namba yake na ya mtu wake wa karibu. Kazi hii hakuna programu ya kuifanya. Tunaiweza sisi tunaokumbuka nani alikuwa nani Chumbageni, nasi tunapungua kila mwaka.