Amana Iliyo Nyuma ya Ukuta

Tulipokarabati msikiti wetu hapa Uingereza, fundi alitaka kubandika bodi za jipsamu ukutani kwa madonge ya gundi, amalize kabla ya Ijumaa. Lakini baina ya madonge hubaki uwazi. Upepo wa baridi hupenya nyufa za matofali, ukazunguka humo na kutokea kwenye soketi za umeme. Kamati ikataka gundi ipakwe mfululizo kwenye kingo zote za kila bodi na kuzunguka kila soketi. Ijumaa ile tukaswali katika ukumbi wa kukodi, na wazee wetu wakanung'unika. Nami, katibu wao, nikawaambia kwa adabu: gesi ya kupasha joto msikiti hulipiwa kwa sadaka zenu. Rangi ikishapakwa, hakuna mja atakayeiona gundi. Hapo ndipo ihsani hupimwa.