Depo ni moja, lakini hesabu inamsahau mkimbizi

Swali ninaloulizwa sana na wasikilizaji ni hili: ikiwa hospitali ni ya serikali, kwa nini tunaambiwa tukanunue serumu na sindano kwenye farmasi ya nje? Wanaouliza ni watu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, na zaidi familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba na Pweto. Kwa mtu aliyeacha shamba lake, ordonansi moja inaweza kumaliza makuta ya chakula cha juma zima.

Kwenye karatasi, mambo yamepangwa vizuri. Tangu mwaka 2002 Kongo ina mpango wa kitaifa wa kuleta dawa za lazima. Shirikisho la FEDECAME linaunganisha madepo makubwa ya mikoa: Goma wana ASRAMES, sisi Lubumbashi tuna CAMELU. Kila kituo cha afya kinahesabu dawa kilizotumia, zoni ya afya inajumlisha na hesabu ya hospitali yake kuu, kisha agizo linakwenda depo.

Faida yake mama wa soko la Kenya wanaijua. Wakichanga watano wakanunua magunia pamoja, bei inashuka, na usafiri wanalipa mara moja. Kwa dawa kuna faida nyingine: zikipita mlango mmoja, ni rahisi kukagua ubora wake na kuzuia zile za bandia.

Shida ni kwamba milango bado ni mingi. Chanjo zina njia yake, dawa za malaria, kifua kikuu na ukimwi mara nyingi zinaletwa na miradi, na hospitali yenye deni inakimbilia muuzaji wa binafsi. Makuta ya dawa zilizouzwa yanapaswa kununua dawa nyingine. Yakienda kwenye mafuta ya jenereta au posho, agizo linalofuata linakuwa dogo. Katika hospitali moja ya hapa mjini nilionyeshwa kabati lenye makatoni ya dawa iliyobakiza wiki chache kuharibika. Serumu hapakuwa hata chupa. Hakuna aliyeweza kuniambia kama hospitali jirani ilikuwa inaihitaji dawa ile.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu dawa ya ugonjwa huu. Mwaka 2014, mkoani Dodoma, walianza mpango unaoitwa Jazia. Bohari ya Dawa ya taifa ikikosa kitu, vituo vya mkoa mzima vinaagiza kwa msambazaji mmoja aliyechaguliwa, kwa bei zilizokubaliwa mapema. Kufikia 2018 mpango huo ulikuwa umeenea katika mikoa yote ya Tanzania bara. Lengo lilikuwa kupunguza ile tabia ya kila hospitali kutafuta muuzaji wake peke yake.

Lakini hata depo nzuri inafanya kazi kwa hesabu, na hapa ndipo mkimbizi anapopotea. Agizo linatazama matumizi ya miezi iliyopita. Familia zilizofika juzi hazimo. Tena, mwezi ambao dawa ilikosekana unaonekana kwenye daftari kama mwezi ambao watu hawakuihitaji. Wasipoandika siku ambazo kabati lilikuwa tupu, agizo linalofuata linapungua, na watu wameongezeka. Na anayetibiwa kwa vidonge vya barabarani hahesabiwi mahali popote.

Kule Pweto, Kilwa na Kasenga, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara, kosa hili linaua. Serumu inapaswa kufika kabla mvua haijaharibu barabara.

Basi mama, baba, ukiugua nenda kituoni, ujiandikishe, useme umetoka wapi. Ukiambiwa dawa hakuna, omba ukosefu huo uandikwe pia. Kila eneo la afya lina kamati ya wakaaji, CODESA. Waulizeni mambo matatu: agizo la mwisho lilitumwa lini, wakimbizi waliongezwa kwenye hesabu au hapana, na makuta ya dawa yako wapi. Hayo si maswali ya daktari. Ni ya kila mtu anayelala kwenye kitanda cha hospitali akisubiri ndugu yake arudi kutoka farmasi.