Mawese na njia ya shambani

Enzi za utoto wetu Mavivi, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo mawese hayakuonekana juu yake ilikuwa chakula cha wagonjwa. Mtu mzima aliyetoka shambani aliwekewa bugali wa muhogo, na pembeni bakuli la sombe lenye duara jekundu la mafuta ukingoni. Mgeni ndiye aliyeongezewa zaidi. Kumbania mgeni mawese kulimaanisha humtaki nyumbani kwako.

Leo watu wa mbali wanaijua Mavivi kwa uwanja wake wa ndege, kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara inayoelekea Mbau, Oicha na Eringeti. Sisi tuliijua kwa ngazi, matunda ya mchikichi. Msimu wake ukifika, kila boma lilinuka mafuta. Wanaume walipanda michikichi na kuangusha vichane vizito vyenye miiba, navyo vililazwa siku chache chini ya majani mpaka ngazi zilegee. Kung'oa ngazi ilikuwa kazi ya watoto, na vidole vilichomwa sana. Zilichemshwa ndani ya pipa usiku kucha, kisha zikamwagwa zingali moto kwenye mtambo wa chuma wenye mikono mirefu. Vijana waliuzunguka wakisukuma kwa vifua, na chini yakaanza kutiririka mafuta mazito, mekundu kama udongo wa barabarani baada ya mvua. Tulichovya muhogo wa kuchoma papo hapo, kabla hayajachemshwa tena kuondoa maji. Sijaonja tena kitu kitamu namna ile.

Mafuta mengine yalitiwa kwenye bido za lita 20 na kufungwa kwenye baiskeli hadi Beni, kisha Butembo, kilomita 54 mbele, juu kwenye baridi ambako mchikichi haustawi. Watu wa Butembo walitupa viazi, maharagwe na puaro, nasi tuliwapa mawese.

Nikiangalia ile sahani kwa macho ya leo, naona kwamba mafuta yalikuwa sehemu ndogo ya habari yake. Sombe yenyewe ilitwangwa kinuni, ikachemshwa saa nyingi, ikatiwa bilinganya, vitunguu na karanga. Maharagwe yaliliwa karibu kila siku. Nyama ilikuja kwa harusi, kwa Noeli, au siku ya kuondoa matanga. Soda aliinywa mtoto aliyepata komunyo ya kwanza. Na kabla ya sahani hiyo kulikuwa na njia: alfajiri watu waliondoka na majembe kuelekea mashamba ya upande wa Mayangose, wakalima mpaka jua likawa kali, wakarudi na mihogo kichwani na kuni juu yake. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima watembee au wafanye kazi ya nguvu angalau dakika 150 kwa juma. Mama zetu walizimaliza kabla ya saa sita mchana ya siku moja.

Madaktari waliofanya kazi karibu nasi waliliona jambo hili mapema. Hugh Trowell, aliyetibu wagonjwa Kenya na Uganda kwa karibu miongo mitatu, alikuwa akikuta maradhi ya mishipa ya moyo kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika, hata mwaka 1956, alipompata mgonjwa mmoja, yeye na mwenzake waliona inafaa kumwandikia makala katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alichapisha na wenzake uchunguzi juu ya Wamasai wa Tanganyika, watu walioishi kwa maziwa na nyama, na kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1972 akaeleza alichokikuta ndani ya mishipa ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta yalikuwa yamejijenga kwenye kuta zake, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapita bila shida. Yeye aliuhusisha upana huo na mwendo wao wa kila siku. Habari hii huniuma, kwa sababu inafanana na yetu mpaka pale mwendo ulipokatika.

Kwetu ulikatika kwa mapanga na risasi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yalienea Beni na vijiji vya jirani, na njia za mashambani zikawa njia za kifo. Waliokuwa na hekta mbili za muhogo walijikuta mjini wakipanga chumba kimoja. Wenye kakao iliyobaki wanaivuna kwa haraka na kurudi. Hata pale vita haikufika, pikipiki imechukua nafasi ya miguu. Chakula sasa kinanunuliwa, na kinachopatikana kwa bei nafuu asubuhi ni mikate iliyokaangwa kwenye mafuta ya jana na juzi, pamoja na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Jioni kuna nguruwe wa kuchoma na bia kando ya barabara. Mawese bado yanamiminwa kama zamani, kwa mkono ule ule wa ukarimu, juu ya mwili uliokaa kutwa nzima.

Baba yangu mdogo alipooza upande wa kulia. Ni mtu mwembamba, na majirani walishangaa kusikia mafuta ya damu yamehusika, maana wengi wetu tunaamini ni ugonjwa wa wenye vitambi. Si hivyo. Mwembamba anaweza kuwa nayo mengi, na wapo wanaoyarithi toka kwa wazazi. Presha ilikuwa imempanda miaka mingi bila kupimwa, na karatasi ya maabara ikaonyesha LDL, ile kolesteroli inayoganda kwenye kuta za mishipa, iko juu, na trigliseridi, mafuta mengine ya damuni, pia. Akapewa dawa, akaambiwa aache mawese.

Familia ikatii. Mawese yakaondolewa jikoni, yakaletwa mafuta meupe yanayoingia kupitia Kasindi kutoka Uganda. Hapa ndipo ninapotamani watu wetu wangeelezwa zaidi, kwa kuwa mengi ya mafuta hayo meupe ni ya mchikichi vilevile, kama ule unaolimwa kisiwani Bugala katika Ziwa Viktoria, yaliyosafishwa kiwandani mpaka wekundu wote ukaondoka. Wekundu huo ndio karotini ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Kilichobaki ni mafuta tu, na karibu nusu yake, katika mawese mekundu au meupe, ni yale yanayoganda yakipoa. Hata jikoni kwetu, anayeyaunguza mawese mpaka yawe meupe kabla ya kukaanga anaipoteza karotini na kubaki na mafuta hayo hayo.

Mawese hayana kolesteroli ndani yake, na wauzaji hawakosei wakisema hivyo. Lakini mafuta yanayoganda yanalifanya ini lipunguze milango yake ya kuvutia LDL kutoka kwenye damu, nayo ikabaki ikizunguka. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina gramu 14 hivi, na karibu gramu 7 ni za aina hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Vijiko vitatu, na siku imekwisha, kabla ya nyama na kabla ya mikate. Trigliseridi nazo zina njia yao: hupandishwa zaidi na sukari, pombe na mlima wa bugali kuliko sombe.

Kwa hiyo sikubali kwamba mawese yalipaswa kufukuzwa mezani. Mama mdogo, mkewe baba mdogo, amepata njia ambayo naiona bora kuliko lile katazo. Mawese mekundu yamerudi, lakini anayapima kwa kijiko na kuyatia mwishoni, sombe ikishaiva, ili harufu isipotee motoni. Utamu uliopungua anaujazia karanga alizotwanga mwenyewe. Mafuta ya karanga yana sehemu inayoganda isiyofika robo. Maharagwe yamerudi kila siku. Nyuzi zake laini hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini, likihitaji kutengeneza nyongo nyingine, huchota kolesteroli kwenye damu. Avokado, ambayo hapa huiva mpaka ikaozea chini ya miti, sasa ndiyo baba mdogo anayokula na muhogo wa asubuhi badala ya mikate. Nguruwe amerudi kwenye sikukuu, alikokuwa zamani. Dawa haijaachwa, na hili analisimamia kwa ukali, kwa sababu baba mdogo kila akijisikia nafuu hutaka kuiacha.

Vipimo vya pili vilikuwa vizuri kuliko vya kwanza. Alifurahi, akaketi na bakuli lake, akamwambia mama mdogo kwamba ladha imerudi kama ya zamani. Halafu akaulizia shamba: nani amepita huko, michikichi imefunikwa na majani kiasi gani, ngazi zinaangukia nani.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyepita. Munganga alimwandikia kutembea nusu saa kila siku, nayo ni tiba sahihi. Huisaidia HDL, ile kolesteroli njema, hushusha trigliseridi na presha. Anaifuata mtaani, kwa fimbo, asubuhi kukiwa kumepambazuka kabisa, akigeuka kabla ya nyumba za mwisho. Kijiko cha mawese mama mdogo anaweza kukisimamia mwenyewe. Njia ya Mayangose inasubiri serikali na jeshi waifungue, na miaka yote hii bado tunawadai.