Dari au Bitana?

Kiswahili hutenganisha paa na dari bila utata. Paa huitazama mvua. Dari huwatazama waliomo ndani. Nyumba yaweza kuwa na paa bila dari, kama ulivyokuwa msonge wa kwetu Karagwe, ambamo macho hupanda pamoja na moshi hadi kileleni. Lakini muulize mtu jina la kile kitambaa kinachofunika bati juu ya kichwa cha dereva, naye atasita. Mmoja atasema “paa la ndani”, mwingine “silingi”, wa tatu atanyoosha kidole tu. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na jina hilo sikuwahi kulihitaji mpaka nilipolazimika kukibadilisha kitambaa chenyewe, hapa Kanoni, kwa mikono yangu.

Gari langu ni Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake hukaa nyuma na hupozwa kwa upepo. Vijana huliona kichekesho. Mimi huwakumbusha kwamba mwaka 1962 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, na kwamba mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, yalikwisha kuundwa zaidi ya milioni 21. Hata hivyo, si fahari iliyonisukuma. Mke wangu ana pumu. Kila mwezi humpeleka kliniki Kayanga, na kila gari liliporuka shimo, dari iliyochanika ilimmwagia unga wa nyuzi zilizooza. Safari ya kutafuta pumzi ikawa inampunguzia pumzi. Bei aliyoitaja fundi mmoja wa mjini ingekula fedha ya dawa. Mke wangu akaamua: “Mwalimu, cherehani ninayo. Wewe fungua, mimi nitashona.”

Nikamwomba kijana wa jirani, fundi wa makochi, anisaidie. Tulijifunga vitambaa puani, tukang’oa taa ya ndani, kioo cha kutazama nyuma na vikinga-jua. Kisha tukatoa vioo vya mbele na vya nyuma pamoja na mipira yake, kwa kuwa kingo za kitambaa hupita chini ya mipira hiyo. Ndipo tukakuta kwamba kitambaa hakikubandikwa kwenye bati. Kilining’inia kwenye vyuma vyembamba vilivyopinda kama upinde, kila kimoja kimepita ndani ya upindo ulioshonwa, na ncha zake zimekaa kwenye matundu ya pembeni. Vyuma hivyo havilingani urefu wala mpindo, kwa hiyo kila kimoja tulikifunga kikaratasi chenye namba.

“Shikamoo Mwalimu,” kijana aliniamkia asubuhi ya pili, “hivi vyuma tuviiteje? Kila mara nasema ‘hiki’, nawe unanipa kile.”

Nilimjibu: boriti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na urefu wa mti huo ndio ulioamua upana wa chumba. Kazi ni ile ile: kubeba kilicho juu ya vichwa vya watu. Hakuniuliza kama neno hilo limo kamusini kwa maana ya gari. Kabla ya adhuhuri alikuwa akiita, “Mwalimu, boriti ya pili ina kutu!” Tukaisugua kwa msasa, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu pamoja na bati lote.

Barazani, mbali na vumbi, mke wangu alikuwa amefumua mishono ya kitambaa kisichohusika, pazia kuukuu, ili ajaribu nyembe na uzi wake kwanza. Kisha tulikiosha kitambaa cha zamani, akakifumua kipande kwa kipande kiwe kielelezo, akakata plastiki mpya na kuacha ziada pembeni. Hapo akazusha ubishi. “Hii si dari,” alisema. “Nguo ya ndani inayoficha mishono ya nguo ya nje ni bitana. Koti lina bitana, na gari lina bitana.”

Nilitaka kupinga, lakini fundi wa makochi akatusuluhisha kwa mkono, si kwa hoja. Alisema kwenye magari ya siku hizi kitambaa hugandishwa kwa sponji juu ya ubao mwepesi. Sponji ikioza, kitambaa huporomoka. Basi nikaona wote tuna haki. Kinachoambatana na kitu kingine ni bitana. Kinachoning’inia juu ya boriti, kikiacha nafasi kati yake na paa, ni dari. Gari la zamani lina dari. Gari la kisasa lina bitana. Sikuipata tofauti hiyo katika kitabu chochote.

Siku ya kuvika tulichora kwa chaki mstari wa katikati, juu ya bati na juu ya plastiki. Mtunzi wa mashairi atanielewa: mshororo wa mizani 16 ukigawanyika 9 na 7, sikio hushtuka hata kama jumla ni sahihi. Tulivuta kwanza mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia kwa zamu, tukishikiza kwa vibanio vya nguo. Gundi tuliipaka pande zote mbili, tukangoja mpaka isinate kidoleni ndipo tukabana. Jua la mchana likalainisha plastiki, mikunjo ikatoweka. Vioo tulivirudisha kwa kamba iliyozungushwa ndani ya mpira: mmoja anavuta kutoka ndani, mwingine anasukuma kutoka nje, maji ya sabuni yakirahisisha.

Mwezi uliofuata mke wangu alifika Kayanga bila kukohoa. Wapenzi wa lugha, nanyi niambieni: kwenu kitambaa hicho mwakiitaje? Mimi nawaachia ubeti huu:

Dari i juu kichwani, wengi hawaitazami,
Vumbi lishukapo ndani, ndipo huuma ulimi,
Neno lilo vitabuni, bila kazi halivumi,
Hulelewa mikononi, likakua kwa wasemi.