Wiki Nane za Ovaroli

Mitihani ya mwisho wa mwaka imekwisha na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pametulia. Upepo wa kusi unapanda kutoka upande wa bahari na kupukutisha majani barabarani. Tumbili wameteremka mpaka kwenye mapipa ya taka. Nje ya mabweni, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba yanasubiri bajaji. Wanafunzi wengi wanarudi kwao. Wa uhandisi hawajaondoka. Nawaona wakipita karibu na Ukumbi wa Nkrumah, ule ambao Watanzania wengi waliujua kwanza kwenye noti ya shilingi 500, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, kila mmoja na bahasha ya kaki kwapani.

Ndani ya bahasha mna barua ya chuo yenye mhuri, ikimwomba mkuu wa kiwanda, karakana au halmashauri ampokee mwanafunzi kwa wiki nane. Mwanafunzi wa uhandisi hapa huenda fildi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wiki nane mara tatu: karibu nusu mwaka wa kuvaa ovaroli kabla ya kuvaa joho.

Majengo ya uhandisi ni marefu, ya zege, yenye veranda ndefu zilizong'azwa na nyayo. Kwenye ukuta wa veranda moja upo ubao wa matangazo uliojaa karatasi mpaka pini hazina pa kukaa. Ni orodha: jina, namba ya usajili, mwaka wa masomo, kituo. Nikisoma ile safu ya mwisho nakuwa kama nimefunguliwa ramani ya nchi. Kidatu na Mtera, kwenye mabwawa ya umeme. Wazo, kwenye saruji. Kilombero, kwenye sukari. Tanga, bandarini. Geita, migodini. Mbele ya baadhi ya majina pana nafasi tupu, na mbele ya nafasi hizo tupu ndipo vijana wengi wamesimama.

Ofisi inayotoa barua hizo ni chumba kimoja. Feni ya dari inazunguka polepole, na kila inapozunguka karatasi zilizo mezani zinainuka kidogo pembeni. Harufu ya wino wa mhuri imekolea. Mama mmoja wa makamo, miwani puani, ndiye anayepokea watu, na mhuri wake unagonga meza kwa mpigo usiobadilika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata sehemu?"

"Bado, mama."

"Umepeleka barua ngapi?"

"Tatu."

"Ukaziacha getini?"

Kijana anainamisha kichwa. Mama anaweka mhuri chini na kumtazama vizuri. Anamweleza kwamba barua iliyoachwa kwa mlinzi hulala kwa mlinzi. Aombe kumwona mtu wa rasilimali watu. Asimame, asalimu, aseme anasoma nini, yuko mwaka wa ngapi, ameshafanya nini kwa mikono yake. Asiseme tu "naomba fildi", kwa sababu kila anayegonga mlango ule mwezi huu anasema hivyo hivyo. "Sema una nini," anamwambia. "Haya, nionyeshe. Mimi ndiye bosi. Ingia."

Kijana anatoka, anabisha hodi, anaingia tena. Mara ya kwanza sauti haisikiki. Mara ya pili anasahau mwaka wake wa masomo. Wenzake walio kwenye foleni hawamcheki, maana zamu yao inakuja. Mara ya tatu anasema kwamba anasoma umeme, mwaka wa pili, na likizo iliyopita alimsaidia fundi kufunga nyaya za nyumba nzima huko kwao Kahama. Mama anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo la nyumba lianze," anasema, na anamgongea barua mpya.

Nimekaa kwenye benchi la chumba kile muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu pale ndipo mtu anaona jambo ambalo vijitabu vya vyuo havilisemi. Mwenye mjomba kiwandani haji kwenye foleni hii. Nafasi yake ilipatikana mezani, nyumbani, kabla ya mitihani. Anayekuja ni yule ambaye baba yake ni mkulima wa pamba au mama yake anauza dagaa, na katika jiji hili zima hana mtu wa kumpigia simu. Kwake yeye mama huyu mwenye mhuri ndiye mjomba. Chumba hiki kinastahili meza ya pili na mtu wa pili, na wa tatu.

Wazo la kuunganisha darasa na karakana si la jana. Mwaka 1906, kule Cincinnati, Marekani, wanafunzi 27 wa uhandisi walianza kupishana kati ya darasa na kiwanda, wawili wakishika nafasi moja kwa zamu. Mwaka 1957 huko Waterloo, Kanada, kilianzishwa chuo kikuu kilichoufanya mpango huo kuwa msingi wake, na hadi leo wanafunzi wake wengi hupishanisha miezi minne ya masomo na miezi minne ya kazi yenye mshahara. Kwetu, uhandisi ulianza kufundishwa Mlimani mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye. Zikabaki hizi wiki nane za likizo.

Mwezi wa nane nikashuka mjini kuwatazama. Daladala mpaka Ubungo, halafu mwendokasi mpaka Gerezani, nimesimama njia nzima kati ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana aliyelala wima. Ukishuka Gerezani pua inajua kabla ya macho: dizeli, mpira ulioungua, chuma kilichotoka kukatwa, mihogo ya kukaanga. Nyundo zinagonga kutoka kila upande. Vijana wanasukuma mikokoteni ya vyuma chakavu katikati ya magari, wakipiga miluzi badala ya honi.

Karakana niliyokuwa naitafuta iko ndani kidogo, nyuma ya maduka ya vipuri, chini ya paa la bati lenye matundu yanayoingiza nuru ya jua kama sarafu. Hapa wanasuka upya mota za umeme zilizoungua. Zimepangwa sakafuni kwa ukubwa: za pampu za visima, ambazo mtu anaweza kubeba kwa mkono mmoja, za mashine za kusaga nafaka, halafu zile za viwandani, zinazoshushwa kwa winchi na mnyororo. Kwenye kona lipo tanuri la kukaushia vanishi. Harufu yake ni tamu na kali, inashika koo, na jioni nilipofika nyumbani bado ilikuwa kwenye shati langu.

Foromani ni mzee mfupi mwenye vidole vinene na kucha nyeusi. Shule yake iliishia kidato cha nne, mengine ameyasomea hapa hapa. Mmoja wa wanafunzi wake mwaka huu ni binti wa mwaka wa tatu, ovaroli imemzidi, mikono ameikunja mara mbili, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kisishikwe na mashine. Mzee anamwita "Injinia", na anamaanisha.

Asubuhi hiyo walifungua mota ya kilowati 5.5 iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Mfuniko ulipotoka, ulipanda moshi wa zamani, harufu ya kitu kilichoungua siku nyingi. Mzee akarudi nyuma hatua moja akafunga mikono. Hakusema neno. Binti akapiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu. Vikundi viwili vya koili vilikuwa vyeusi kabisa. Cha tatu kilikuwa bado na rangi yake ya shaba.

"Fezi moja ilikatika," akasema taratibu. "Mota ikaendelea kuzunguka na mbili."

"Umejuaje?"

Akaeleza, akichora hewani kwa kidole: muunganisho wa nyota, mkondo unaopanda katika fezi mbili zilizobaki, joto. Ilikuwa hesabu ya darasani, nzima nzima. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa amekwisha kujua kwa kutazama tu rangi, maana ameziona nyingi za namna hiyo, lakini sababu yenyewe ilivyopangwa hatua kwa hatua nadhani aliifurahia, kwa kuwa alimwita fundi mwingine aje asikie.

Halafu ikawa zamu yake kufundisha. Binti alishika koleo akitaka kukata waya ulioungua. Mzee akamzuia mkono. "Chora kwanza. Ukishakata, ndugu yangu, hakuna wa kukukumbusha." Basi wakakaa kwenye vibao, binti akahesabu mifereji: 36. Akahesabu koili inaruka mifereji mingapi. Wakakata koili moja, wakahesabu mizunguko ya waya, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine kwa kidole. Akapima unene wa waya kwa maikromita, mara ya kwanza bila kukwangua vanishi, mzee akamrudisha. Kazi hii ilikwenda mpaka saa nne, chai na chapati za mama lishe zikaletwa, ikaendelea. Kwa mtu anayepita njiani ingeonekana hawafanyi kitu.

Yote hayo yaliingia kwenye daftari la kazi, lile wanaloliita logibuku. Niliomba kuliona. Kila siku ina mistari yake, na baada ya kila wiki kuna ukurasa mtupu wa mchoro na mahali pa saini ya msimamizi na mhuri. Kurasa za wiki ya kwanza ni safi na maneno yake ni ya jumla: "kufahamu mazingira ya kazi", "kujifunza usalama". Kuanzia wiki ya tatu kurasa zina alama za vidole vya mafuta, na maneno yamebadilika. Yana namba. Yana majina ya vifaa. Kuna siku ameandika kwamba aliunganisha koili kinyume, mota ikanguruma bila kuzunguka, wakaifungua tena. Mwalimu wa chuo alikuwa amekwisha pita kukagua. Alikaa kitambo, akauliza maswali, akatia saini, akawahi kituo kingine. Saini yake ni nzuri. Lakini ukurasa ule wa koili iliyounganishwa kinyume ndio ningempa mwajiri yeyote ausome.

Nilimuuliza anaishije. Anakaa Mbagala kwa shangazi yake. Mkopo wa serikali una fungu la mafunzo kwa vitendo na yeye analipata. Mwenzake waliyeanza naye hana mkopo, na karakana hailipi. Wiki ya tano mwenzake aliomba kuja siku tatu kwa wiki, ili siku nyingine auze soksi Kariakoo. Mzee alimkubalia, kisha akawa anamwekea kazi nzito kwenye siku zile tatu, asikose la kuandika. Hilo halimo katika mwongozo wowote wa mafunzo niliouona.

Masomo yalipofunguliwa, mwezi wa kumi na moja, nikarudi Mlimani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na veranda zilinuka miavuli mibichi. Katika chumba cha semina, ofisi ya ushauri wa ajira ilikuwa inawapokea wa mwaka wa mwisho mmoja mmoja, kila mtu na wasifu wake. Wasifu wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, kama waajiri wanavyotaka, lakini unachambuliwa kwa Kiswahili. Mshauri ni kaka kijana, mpole wa sauti, asiyeachia neno lipite. Aliyekaa mbele yake alikuwa yule binti wa Gerezani.

"Umeandika ulishiriki katika shughuli mbalimbali za kiufundi. Shughuli zipi?"

"Za umeme, kaka. Mota."

"Mota gani? Ulizifanyaje?"

Kimya. Watu tulipata nafasi ya kusikia mvua. Halafu akavuta begi, akatoa daftari lenye alama za mafuta, akafungua. Mshauri alisoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma mwingine. Akamrudishia wasifu na kalamu. Binti akafuta ule mstari, akaandika mwingine: kwamba alitambua chanzo cha kuungua kwa mota ya kilowati 5.5 yenye mifereji 36, akachora mpangilio wa koili, akaisuka upya na kuipima chini ya fundi mkuu.

"Na wakikuuliza mshahara?"

"Nitawaambia chochote watakachonipa."

"Hapana, dada. Kaulize kwanza walioajiriwa mwaka jana wanapata kiasi gani. Urudi Alhamisi, tukae kama kwenye usaili." Akaandika jina lake kwenye orodha, kisha akatazama foleni iliyofika mpaka nje. "Anayefuata. Njoo na daftari lako."