Taa Ndogo Iliyomnyima Mgeni Usingizi

Siku hizi nyumba nyingi za watumishi zina kompyuta mpakato. Ukiifunika bila kuizima, hulala lakini haizimiki. Kitaa chake kidogo hubaki kikiwaka na kufifia usiku kucha. Mimi nilikiona kama pambo tu, mpaka kiliponifunza adabu nyumbani kwangu, hapa Lilongwe.

Mke wangu ni mzaliwa wa Uvira, akalelewa Kigoma. Mama yake mkubwa anaishi Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo usiofika saa mbili kwa gari. Mahali hapo zamani palikuwa gereza, pakafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo wakazi wake wamezidi 50,000, idadi inayopita mno ile iliyokusudiwa, na Kiswahili husikika katika kila kichochoro. Mama huyo alipata ruhusa ya kuja mjini kutibiwa macho, nasi tukamtandikia sebuleni, karibu na meza yangu ya kazi.

Siku tatu alikaa kimya. Kila asubuhi nilimkuta amejikunyata, macho mekundu, nikadhani ni yale maradhi yake. Alfajiri ya siku ya nne nikaikuta kompyuta ya ofisi imefunikwa kitenge kilichokunjwa mara nne, nayo imepata moto. Nilipaza sauti. Nilimwuliza mke wangu ni nani aliyetaka kuniunguzia mali ya serikali. Pazia halizuii sauti. Mgeni akasikia yote.

Baadaye mke wangu akanieleza, maana mkwe hamlalamikii mkwe. Mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, mama alitembea usiku na watoto kando ya Ziwa Tanganyika. Walipoona kitaa kikiwaka mbali na kuzimika, walijua watu wenye silaha wako njiani. Wakalala kifudifudi, wamewaziba watoto vinywa. Sasa nyumbani kwangu, kila alipofumbua macho, kitaa kilikuwa palepale.

Niliona haya. Nikaenda kumwomba radhi, nimeinamisha kichwa. Akasema, "Yamekwisha, baba. Kosa ni langu, sikusema."

Hakukosa yeye. Askari wetu wasomao ukurasa huu wanajua jinsi nuru ya kiberiti tu inavyoonekana mbali gizani. Tena jicho lina sehemu zinazoupasha mwili habari ya mchana na usiku, nazo huamshwa zaidi na rangi ya bluu. Wavumbuzi watatu wa taa za bluu zitumiazo umeme kidogo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na uvumbuzi wao umeleta mwanga wa bei nafuu duniani. Lakini chenye manufaa mezani si lazima kiwe na manufaa kitandani.

Dawa yake ni rahisi. Kwanza, zima kompyuta kabisa kabla ya kulala. Dakika moja ya kuiwasha asubuhi haimchelewishi mtu kazini. Pili, chomoa waya wa kuchajia, maana nao mara nyingi una kitaa chake. Tatu, ikikulazimu kuiacha imelala, kata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, ukubwa wa punje ya mahindi, ukibandike juu ya kitaa peke yake. Usiifunike kwa nguo, wala usizibe matundu ya kupitishia hewa, kwani mashine huweza kuamka yenyewe na kupata joto. Kwa mwenzetu atokaye zamu ya usiku akalala mchana, ziba vitaa na pazia pia.

La nne si la mafundi: muulize mgeni alivyolala, kisha umsikilize.

Usiku ule sebule ilikuwa giza tupu. Asubuhi tulichelewa kunywa chai, kwa kuwa mama alikuwa bado amelala, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.